Tarakimu Zisizo na Maelezo: Namna ya Kusoma Upya Vipimo vya Bahari ya Hindi

Mvua zilizoanza Oktoba 1961 zilinyesha Afrika Mashariki kwa wingi usio wa kawaida hadi mwaka ulipogeuka. Ziwa Viktoria likapanda, likaendelea kupanda, na kufikia 1964 uso wake ulikuwa juu kwa takriban mita mbili na nusu kuliko kabla ya mvua hizo. Mto Kagera, unaotenganisha Kyerwa na Rwanda kabla ya kupinda kuelekea Kyaka, ndio unaoongoza mito yote kwa wingi wa maji unayoyamwaga ziwani humo. Mtu aliyekuwa akilima migomba na kahawa Songambele mwaka 1961, katika Karagwe ambayo tangu 2012 ni wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, aliishi takriban kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo, sehemu ya chanzo cha mvua iliyomlowesha ilikuwa baharini.

Mwaka 1999 makundi mawili ya wanasayansi yalieleza jambo hilo katika jarida la Nature. Kuna miaka ambayo maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi hupata joto kupita kawaida, huku yale ya karibu na Sumatra yakipoa. Pepo juu ya ikweta hubadilika, unyevu ukasukumwa kuelekea Afrika, na vuli ikazidi. Mwaka 1961 ulikuwa wa namna hiyo, na 1997 na 2019 vilevile. Si bahari peke yake inayoamua mvua ya Karagwe, kwa kuwa unyevu hutoka pia ziwani na upande wa Kongo. Lakini anayetaka kujua kwa nini 1961 ilikuwa vile, na kama hali ile inazidi kujirudia, ni lazima ajue joto la bahari lilikuwaje mwaka huo.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mwaka 1961 hapakuwa na setilaiti ya kupima joto la bahari. Palikuwa na meli. Kwa bahati nzuri, miaka ile ilikuwa ya Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliodumu hadi 1965 na kushirikisha meli zipatazo 40 kutoka nchi zaidi ya kumi, zikiwemo Vityaz ya Umoja wa Kisovieti, Discovery ya Uingereza na Meteor ya Ujerumani. Zanzibar kulikuwa na shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki, lililokuwa na chombo chake cha kutafitia. Vipimo vilichukuliwa, vikaandikwa, vingi vikahifadhiwa. Tatizo ni kwamba baadhi ya mafaili yametufikia yakiwa tarakimu tupu, na ile karatasi iliyoeleza tarakimu zipi ni kina na zipi ni joto imepotea.

Je, yanaweza kusomeka bila karatasi hiyo? Mara nyingi yanaweza, kwa sababu moja ninayotaka kuieleza kwa utaratibu: tarakimu hizo zilipimwa katika maji ya kweli, na maji ya kweli yana sheria. Atakayesoma vibaya atajikuta na bahari isiyowezekana.

Tuanze na faili lenyewe. Kompyuta haihifadhi neno wala namba ya desimali. Inahifadhi baiti, na kila baiti ni namba nzima kati ya 0 na 255. Maana ya baiti hutokana na makubaliano ya watu. Katika makubaliano yanayoitwa ASKII, ambayo kompyuta za leo zimeyarithi, tarakimu 0 hadi 9 huandikwa kwa baiti za 48 hadi 57, na nafasi tupu kwa 32. Kompyuta kubwa za IBM zilizotangazwa 1964 zilifuata makubaliano mengine, EBCDIC, ambamo tarakimu hizohizo ni 240 hadi 249, na nafasi tupu ni 64. Faili la aina hiyo likifunguliwa leo huonyesha vialama vya ajabu, na mtu akadhani limeharibika. Kumbe halijaharibika. Dawa ni kuhesabu: baiti ya 0 imetokea mara ngapi, ya 1 mara ngapi, hadi ya 255. Ikiwa sehemu kubwa imekusanyika kati ya 240 na 249, lugha ya faili imejulikana kabla hatujaelewa neno lake hata moja.

Pili, tukumbuke safari iliyopitiwa na kila kipimo. Baharini walitumia chupa ya Nansen, inayoshushwa kwa waya ikiwa wazi na kufungwa na kipande cha chuma kinachotelezeshwa kufuata waya. Kando yake kulikuwa na kipimajoto cha kupinduliwa: kikipinduka, uzi wa zebaki hukatika, na hivyo joto la kule chini hubaki limeandikwa ndani ya kioo hadi kinapopandishwa juu. Kipimo kikaandikwa daftarini. Daftari likahamishiwa kwenye kadi za kutobolewa, kadi zikahamishiwa kwenye utepe wa sumaku, utepe ukahamishiwa kwenye diski. Kadi ilikuwa na safu 80 tu. Kwa hiyo mtoboaji hakupoteza safu kwa ajili ya nukta ya desimali, wala kwa tarakimu 19 za karne, wala kwa neno Kusini. Kila mtu pale ofisini alijua. Leo hayupo wa kuulizwa.

Sasa tuchukue mfano. Nimeuunda mwenyewe kwa ajili ya somo, lakini thamani zake zinafanana na za maji ya mashariki ya Zanzibar mwezi Agosti:

331061504130610814000025713512
331061504130610814005025633515
331061504130610814010021983522
331061504130610814020014043514
331061504130610814050010123495
331061504130610814100006833484

Nimekurahisishia kwa kuikata mistari. Katika faili la utepe hakuna mwisho wa mstari. Tarakimu zote zimefuatana bila kituo. Urefu wa rekodi moja hupatikana kwa majaribio. Panga tarakimu kwa upana wa 29, na zile zinazojirudia zitakwenda mshazari. Zipange kwa 31, zitakwenda mshazari upande wa pili. Kwa 30 zinasimama wima, kama ukili uliohesabiwa sawasawa ambapo rangi inaangukia rangi. Kuna uthibitisho mwingine rahisi: ukubwa wa faili zima kwa baiti sharti ugawanyike kwa 30 bila kubaki kitu. Faili la baiti 5,400 lina rekodi 180. Lakini 5,400 hugawanyika kwa 27 pia, ndiyo maana hesabu peke yake haitoshi, na macho yanahitajika.

Baada ya kujua urefu, tutafute mipaka ndani ya rekodi. Kanuni yake hutokana na namna tunavyoandika namba: tarakimu ya kushoto kabisa hubadilika kwa nadra, ya kulia kabisa hubadilika mara kwa mara. Ukiwa na rekodi elfu kadhaa, hesabu kila safu ina tarakimu tofauti ngapi. Utaona mabadiliko yakiongezeka kutoka kushoto kwenda kulia, kisha ghafla yakashuka. Pale yaliposhuka, namba moja imekwisha na nyingine imeanza. Kwa njia hiyo rekodi yetu inajigawa hivi:

331 / 0615 / 04130 / 610814 / 0000 / 2571 / 3512

Sehemu nne za kwanza hazibadiliki katika mistari yote sita. Basi hizo zinahusu mahali na wakati. Meli ilisimama mahali pamoja ikapima. Sehemu ya 610814 ni tarehe, na katika faili zima jozi yake ya kati haizidi 12, ya mwisho haizidi 31, na ya kwanza inakaa kati ya 60 na 65. Ni mwaka, mwezi, siku: 14 Agosti 1961. Sehemu inayofuata inapanda 0, 50, 100, 200, 500, 1000, na hivyo ni vina vya kawaida ambavyo wanabahari walikwishakubaliana navyo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kwamba ni mita, si futi, tutalihakiki kwa joto.

Kuhusu mahali, 0615 inaweza kuwa nyuzi 6 na dakika 15, au nyuzi 6.15. Tofauti ni takriban kilomita 11. Jibu halimo katika rekodi moja, limo katika wingi: kama katika vituo mia kadhaa tarakimu mbili za mwisho hazijawahi kuvuka 59, ni dakika. Kama zinafika 73 au 98, ni sehemu za mia.

Lakini nyuzi 6 za kaskazini au kusini? Na 41 za mashariki au magharibi? Tunayo nafasi nne. Kaskazini-mashariki ni Ethiopia, nchi kavu. Kusini-magharibi ni Brazili, nchi kavu vilevile. Meli haikuwa huko. Zimebaki mbili: kusini-mashariki, ambako ni Bahari ya Hindi nje ya Zanzibar, na kaskazini-magharibi, katikati ya Atlantiki. Zote mbili ni bahari kuu, zote ni za joto. Ramani imefika mwisho wa msaada wake.

Hapa ile 331 ya mwanzo, iliyoonekana kama kitambulisho cha ofisi, inatoa ushahidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 William Marsden aliigawa dunia katika miraba ya nyuzi kumi kwa kumi na kuipa namba, na ofisi za bahari zikaitumia mbinu hiyo kupanga kadi zao. Upande wa kaskazini wa ikweta miraba huhesabiwa kuanzia 1 ikielekea magharibi kutoka Greenwich, na upande wa kusini kuanzia 300. Mraba ulioko kusini mwa ikweta kati ya nyuzi 40 na 50 mashariki ni wa 331. Ule wa Atlantiki ungekuwa wa 5. Swali limekwisha.

Hata bila 331, maji yangejibu. Katika kina cha mita 1,000 Atlantiki ya karibu na ikweta ina maji yaliyotoka upande wa Antaktika, yenye nyuzi 5 hivi na chumvi ya karibu 34.6. Upande wetu kina hichohicho hupokea athari ya maji mazito yenye chumvi kutoka Bahari ya Shamu, kwa hiyo maji yake yana joto na chumvi zaidi. Mstari wetu wa mwisho unasema 0683 na 3484. Hayo ni maji ya Bahari ya Hindi.

Nimeshasoma 0683 kuwa nyuzi 6.83 bila kuthibitisha nukta. Tuthibitishe. Ikiwa 2571 ni 257.1, bahari ingekuwa mvuke. Ikiwa ni 2.571, tungekuwa karibu na barafu. Ni 25.71 za Selsiasi, na kama ingekuwa Farenhaiti, ambayo Waingereza na Wamarekani waliitumia mara nyingi, maji hayo hayo yangesomeka 7828. Tarakimu mbili baada ya nukta zinalingana pia na uwezo wa chombo: kipimajoto cha kupinduliwa kilisomeka hadi sehemu za mia za nyuzi. Faili linalodai sehemu za elfu kumi kutoka kwa zebaki linatudanganya, au tumekosea mpaka. Na mita? Vina hivyo vikisomwa kama futi, futi 200 ni mita 61 tu, na maji ya nyuzi 14 katika kina hicho nje ya Zanzibar hayapo.

Safu ya mwisho, 3512, ni chumvi: gramu 35.12 katika kila kilo ya maji. Lakini tuseme ingekuwa 1944. Hakuna bahari kuu yenye chumvi ya 19. Anayejua namna chumvi ilivyopimwa hatashangaa. Wapimaji walidondosha nitrati ya fedha katika sampuli na kupata kiasi cha klorini, kisha wakatumia kanuni ya Martin Knudsen ya mwanzoni mwa karne ya 20: chumvi ni 0.030 kujumlisha klorini mara 1.805. Weka 19.44, unapata 35.12. Faili lenye 1944 si bovu. Limeandikwa hatua moja kabla ya lile lenye 3512.

Kuna jaribio linalounganisha safu zote tatu, nalo ndilo ninaloliamini kuliko mengine. Maji mazito hayakai juu ya mepesi. Yakiwekwa hivyo yanapinduka. Kwa hiyo msongamano unaokokotolewa kwa joto na chumvi sharti uongezeke kadiri tunavyoshuka. Mstari wetu wa juu unatoa takriban kilo 1,023.2 kwa mita ya ujazo, wa mita 200 unatoa 1,026.3, wa mita 500 unatoa 1,026.9 na wa mita 1,000 unatoa 1,027.3, bila kuhesabu mgandamizo. Bahari imetulia. Ukibadilisha safu, ukasogeza mpaka kwa tarakimu moja, au ukasahau alama ya kutoa, bahari itapinduka katika hesabu yako, nawe utajua.

Alama ya kutoa yenyewe ina kisa chake. Kwenye kadi haikupewa safu yake. Ilitobolewa juu ya tarakimu ya mwisho, na kompyuta ikaisoma tarakimu hiyo kama herufi. J ni 1 hasi, K ni 2, L ni 3, M ni 4, hadi R ambayo ni 9. Faili la kusini ya mbali likiwa na 018M, lisirekebishwe kama kosa la uchapaji. Ni nyuzi 1.84 chini ya sifuri, na maji ya chumvi ya 35 huganda karibu na 1.9 chini ya sifuri, kwa hiyo inawezekana kabisa.

Mafaili ya baadaye hayakuandika tarakimu kwa herufi. Yaliweka namba nzima katika baiti mbili. Namba 2571 inakuwa baiti 10 na 11, kwa kuwa 10 mara 256 kujumlisha 11 ni 2571. Lakini kompyuta nyingine huanza na baiti isiyozidishwa kwa 256, na jozi hiyo ikisomwa kinyume inakuwa 11 mara 256 kujumlisha 10, yaani 2826. Ni nyuzi 28.26, joto la kawaida kabisa kwa bahari yetu mwezi Machi. Huu ni mtego mbaya, maana kosa halionekani, na linaongeza joto la uso kwa zaidi ya nyuzi mbili na nusu, tofauti inayoweza kumfanya mtu atangaze mwaka wa joto kali ambao haukuwapo. Wa kutuokoa ni kina. Nyuzi 14.04 ni baiti 5 na 124. Zikigeuzwa zinatoa 317.49. Nyuzi 6.83 ni 2 na 171; zikigeuzwa zinatoa 437.78. Anayepima usomaji wake kwa mstari wa juu peke yake atanaswa. Anayeteremka hadi chini hatanaswa.

Kisha kuna vipimo visivyokuwapo. Chupa haikufungika, au sampuli ilimwagika. Ofisi moja iliandika 9999, nyingine ikaacha wazi, nyingine ikajaza sifuri. Wastani wa 25.71, 25.63 na 99.99 ni 50.44, na kosa hilo mtu hulishtukia. Sifuri ni hatari zaidi, kwa kuwa katika safu ya kina sifuri ni ya kweli, ni uso wa bahari, na katika safu ya joto la tropiki haiwezi kuwa ya kweli. Tarakimu ileile ina maana mbili katika rekodi moja.

Mbinu hizi si za bahari tu. Daftari za mvua za enzi ya Tanganyika zilijazwa kwa inchi, hadi sehemu za mia, na baadaye nchi ikahamia milimita. Mwezi ulioandikwa 312 ni inchi 3.12, sawa na milimita 79. Msomaji wa leo anayedhani ni sehemu za kumi za milimita atasoma 31.2. Atawaeleza wakulima wa Karagwe kwamba babu zao walipata chini ya nusu ya mvua waliyopata kweli, na kwamba mvua imeongezeka zaidi ya maradufu. Njia ya kumgundua ni ileile: tafuta shahidi asiyetumia safu hiyo. Kipimo cha ziwa, kilichoandikwa Uganda tangu 1896, hakitegemei inchi wala milimita za ndoo ya mvua, na ziwa lililopanda mita mbili na nusu haliwezi kulishwa na mvua haba.

Mahali pamoja sheria za maji hazinisaidii, na sipendi kupafunika. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 meli zilianza kudondosha kipimajoto cha kutupwa, kinachozama huku kikituma joto kwa waya mwembamba. Hakipimi kina. Kina hukokotolewa kwa muda uliopita tangu kigonge maji, kwa kanuni ya mwendo wake wa kuzama. Mwaka 1995 ilichapishwa kanuni iliyorekebishwa kwa aina kadhaa zilizotumika sana: vina vya zamani vilipaswa kuzidishwa kwa 1.0336. Kwenye mita 500 hiyo ni karibu mita 17. Sasa faili la miaka ya mwisho ya 1990 lisilosema lilitumia kanuni ipi, ya kale au iliyorekebishwa, linaweza kusomwa kwa njia zote mbili, na zote zinatoa bahari tulivu yenye joto linalokubalika. Ukirekebisha kilichokwisha rekebishwa unaongeza kosa. Ukiacha kisichorekebishwa unabaki nalo.

Wanaookoa data, chini ya mradi ulioanzishwa 1993 na Tume ya Baina ya Serikali ya Sayansi ya Bahari ya UNESCO ukiongozwa na Sydney Levitus, hawabahatishi katika hali hiyo. Hifadhidata ya Bahari za Dunia iliyokua kutokana na kazi hiyo, na ambayo mwanafunzi wa Kyerwa mwenye intaneti anaweza kuipakua bure, ina nafasi ya kuonyesha kwamba aina ya chombo haikujulikana. Baiti za asili huachwa kama zilivyokuja, na kila uamuzi wa msomaji huandikwa kando, ili shahidi mpya akipatikana uamuzi ubadilishwe bila kugusa kipimo.

Shahidi huyo kwa kawaida ni karatasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, utafiti wa bahari ulibaki mikononi mwa taasisi za kila nchi: Mombasa kuna taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Tanzania ikaunda TAFIRI, taasisi yake ya utafiti wa uvuvi, mwaka 1980, na Zanzibar tangu 1978 kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayetafuta maelezo ya faili la enzi ile aulize kote huko, na asiombe data, maana hizo anazo. Aombe daftari la meli, ripoti ya safari, na hasa ukurasa wa kwanza wa orodha ya kadi, ule ambao mtoboaji aliupigia mstari kwa penseli kuonyesha namba ipi inaishia safu ya 17.